Uzito wa Tio

Nafisa Sumail alikuwa ameingiza mkono hadi begani ndani ya injini ya kushoto ya ndege ya kitajiri wakati amri ilipomfikia sikioni.

"Nguru, hapa Gati. Shangazi anataka samaki mmoja tu. Wengine warudishe majini."

Alisukuma mbele kidogo kamera yake nyembamba kama mrija, akayatazama mapanga ya injini kwenye kioo cha mkononi, kisha akagonga kwa ukucha mara mbili juu ya kifuniko cha sikio.

Nimesikia.

Shangazi alikuwa Maputo, katika ofisi isiyo na kibao mlangoni. Gati alikuwa Rachide, msaidizi wa Nafisa, ambaye asubuhi hiyo alivaa fulana ya rangi ya chungwa na kuendesha greda la kukwangua nyasi mwisho wa pista, njia ya kurukia ndege, ya Mocímboa da Praia. Na samaki alikuwa mtu aitwaye Tio.

Tatizo la Tio lilikuwa moja. Hakuna mtu wa serikali aliyemjua kwa sura.

Walishamkamata mara mbili bila kujua. Palma walivamia ghala, wakawakusanya wote waliokuwamo, na mpishi mmoja mnyonge akalia mpaka akaachiwa arudi kwa wanawe. Huyo ndiye. Pundanhar walimshusha kwenye lori akitetemeka kwa malaria, wakampa vidonge na maji ya kumezea, wakamtakia safari njema. Huyo tena. Taarifa hizo zilipofika kwa Nafisa alizisoma akiwa amesimama, akazirudisha mezani. Angekuwa na mate ya kupoteza angetema.

Kwa maana Tio hakuwa mchuuzi wa magendo wa kuchekewa. Unga wa kulevya ulipita mikononi mwake kwenda kusini, bunduki zikarudi kwa njia hiyohiyo, na katikati walipita vijana. Aliwachota Quionga, Palma, hata mashambani kule bara, akiwaahidi kibarua cha bandarini. Walibeba mzigo wake safari moja, na aliyeuona mzigo hakurudi kwao kusimulia. Rizuane, mtoto wa mama yake mdogo Nafisa, fundi wa injini za boti, alibeba safari moja. Walimwokota ufukweni, na mama yake alimtambua kwa shati tu.

Nafisa hakupenda kulizungumza hilo. Alikwenda nalo kazini kila siku, basi.

Sasa Tio alikuwa anaondoka, na alitaka kuondoka kifahari.

Mtu anayetafutwa na nchi chungu nzima hawezi kupanda ndege ya abiria. Hawezi hata kukodi kindege kidogo, maana kindege kidogo lazima kitue mahali kuongeza mafuta, na kila mahali pana polisi. Alihitaji ndege ya kuruka mara moja tu, kutoka hapa hadi nchi ya mbali isiyorudisha wahalifu, bila kugusa ardhi ya mtu mwingine. Ndege za namna hiyo hutengenezewa matajiri. Zikianza kuzeeka, matajiri huziuza.

Ndiyo hii. Gulfstream V, nyeupe, iliyokwisha kubeba wanene wa mabara matatu, viti vyake vya ngozi vimechunika kwenye mikono, na ndani mna harufu ya sigara ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Mnunuzi alijitambulisha kama taasisi ya hisani iitwayo Asas da Costa, Mabawa ya Pwani. Walisema wataigeuza kuwa ambulensi ya angani, iwachukue maskini wa Cabo Delgado moja kwa moja mpaka hospitali za ng'ambo. Gazeti liliandika. Watu wakapiga makofi.

Nafisa aliposoma habari hiyo alicheka puani. Ndege ya kuvuka nusu ya dunia, kumpeleka mtu aliyevunjika mguu shambani?

Ndege kuukuu hainunuliwi bila kukaguliwa. Mkaguzi aliyeajiriwa na taasisi alikuwa Nampula, katika hoteli nzuri, akila kwa gharama ya serikali na kuamini kwamba safari imeahirishwa. Badala yake alikuja Nafisa, kwa jina la engenheira, yaani mhandisi, Kátia Lobo, na sanduku lake la vifaa. Hakuwa anaigiza sana. Kabla ya ujasusi alikuwa fundi wa ndege za jeshi kule Nacala, na marubani wawili watatu wanatembea leo kwa sababu ya mikono yake.

"Menina."

Alikuwa Strand. Mzungu mrefu, miwani ya Ray-Ban, saa ya Breitling nene kama kopo la tuna, na Glock kiunoni ambayo shati lilifanywa kusudi lisiifiche. Kila aliyekutana naye alijua kwamba aliwahi kuwa askari, kwa kuwa alihakikisha wanajua. Alizungumza Kireno cha kambini, kilichojaa amri na kisicho na salamu, na mwanamke yeyote kwake alikuwa menina, kisichana.

"Menina, umemaliza?"

"Bado injini ya kulia."

"Ulisema hivyo asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa kwenye magurudumu." Nafisa alichomoa kamera, akaifuta taratibu kwa kitambaa. "Unanunua ndege au unanunua jeneza? Niambie, nijue nakagua nini."

Strand alimtazama kama mtu anayetazama nzi kwenye glasi yake. Kisha akaenda zake.

Alikuwa ametaka kuondoka kabla jua halijapanda. Hakujua kwa nini marubani hupenda ubaridi wa asubuhi. Yeye aliupenda kwa kuwa saa hizo watu wengi bado wamelala. Nafisa alijua. Hewa ya baridi ni nzito, hubeba mbawa vizuri. Hewa ya moto ni nyepesi, na ndege nzito hukimbia sana kabla haijainuka. Ndiyo maana alikagua kila kitu, akakagua tena, na jua likapanda taratibu juu ya Mocímboa mpaka lami ya pista ikaanza kumeremeta kama ina maji.

Alikwenda upande wa kulia wa ndege, akainama ndani ya injini ya pili.

"Gati."

"Sema."

"Wako chini ya hema. Mwenyekiti wa taasisi, Mzungu, muuguzi mmoja, mpiga picha, rubani na msaidizi wake, mgonjwa na binti yake. Langoni walinzi wawili, wana AK."

"Tio yupi?"

"Sijui."

"Mimi namdhania mwenyekiti."

Nafisa alimtupia jicho mwenyekiti. Doutor Abdulcarimo, ambaye udaktari wake haukuwahi kupita darasani, alikuwa amevaa suti nyeupe ya kitani na marashi yaliyofika kabla yake. Alikuwa akimwelekeza mpiga picha ampige akiwa ameshika mkono wa mgonjwa. Walirudia picha hiyo kwa sababu ya kivuli. Wakairudia tena kwa sababu ya kitambi.

"Yule hawezi kuficha hata tumbo," Nafisa alisema.

"Basi Mzungu."

"Mzungu ni mlinzi. Mlinzi hulinda kitu."

Greda lilinguruma sikioni. Rachide alikuwa kijana mwema lakini damu yake ilichemka upesi. "Tuwavamie wote," alisema.

"Ndivyo mlivyofanya Palma."

Greda likarudi kukwangua nyasi.

Nafisa alikaa na swali la Tio ni yupi huku akijifanya anapiga picha mapanga ya injini. Watu wanane, mmoja wao akiwa muuaji aliyejizoesha kuonekana si kitu. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo yeye ni nani, atalia, atatetemeka, atakuonyesha picha za watoto wasio wake. Ukiwapiga wengine wote, hawatasema, na labda wenyewe hawajui. Lakini kuna mtu mmoja aliyejua. Strand alijua anamlinda nani. Na Strand alikuwa na kiburi cha watu ambao hawafichi mawazo yao mbele ya mwanamke mwenye spana.

Akapanda ndani ya ndege kuzungumza na rubani.

Comandante Joaquim alikuwa mzee wa Beira mwenye mvi, mtu wa muuzaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuileta ndege, kuirusha mbele ya mnunuzi, na kurudi nyumbani. Alikuwa ametoka hemani, amekaa peke yake katika chumba cha marubani, ameikunja shingo. Bila kuulizwa sana alimwambia Nafisa yaliyomsumbua. Walijaza matangi mpaka juu, akasema. Kwa jua hili na pista fupi namna hii, hakuwa na hakika kwamba ndege itainuka. Alikuwa amemwomba Mzungu waruke na mafuta kidogo, watue Pemba, waongeze huko. Mzungu alimjibu kwamba yeye ni dereva tu.

"Kwa nini hukukataa?" Nafisa aliuliza.

Joaquim alielekeza kidevu langoni, kwa wale wenye AK.

Nafisa alimtazama vizuri. Mikono yake ilikuwa mitulivu. Macho yake ndiyo yaliyochoka. Hakuwa mmoja wao.

Alishuka ngazi akiwa na tableti mkononi, akaenda moja kwa moja hemani. Hemani palinuka jasho na marashi. Mgonjwa, Bi Mariamo wa Pundanhar, alilala kwenye machela, pumzi fupi, midomo imekauka. Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo, na barabara mbovu waliyompitishia ilimmaliza nguvu alizokuwa nazo. Binti yake Dalila alimpepea kwa kipande cha katoni. Pembeni alisimama muuguzi waliyemwita Amido, mtu mfupi wa makamo, nguo za kijani, viatu vya plastiki, ameshika mfuko wa maji ya mshipa kama mtu aliyeshikishwa mwavuli wa mwenzake.

"Ndege ni nzima," Nafisa alitangaza. "Inunueni."

Strand alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ila haitaruka."

Tabasamu likazimika. Nafisa akaeleza polepole, kwa sauti ya mtu anayesomesha watoto wazito: joto, hewa, pista, matangi. Uzito umezidi. Wakipunguza mafuta kidogo mambo yatakwisha, watatua Pemba.

"Mafuta hayapunguzwi," Strand alisema.

"Basi yale masanduku." Kulikuwa na masanduku manne ya chuma nyuma, yaliyoitwa vifaa vya hospitali. Vibarua walioyapakia walitembea miguu ikiwapinda.

"Masanduku hayaguswi."

"Basi watu."

Comandante Joaquim alikuwa amesimama chini ya ngazi, na alisikia kila neno. Kila rubani duniani angecheka. Ndege ile, na mafuta yake, ilikuwa na uzito wa malori. Kushusha abiria wawili watatu ilikuwa sawa na kuchota kijiko kimoja kutoka kwenye pipa. Mzee alifungua kinywa. Nafisa akamtazama mara moja tu. Mzee akakifunga kinywa, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati.

Strand hakuona. Alikuwa mtu wa kujua bei ya vitu, si namna vinavyofanya kazi.

"Nani?" aliuliza.

"Anza na rubani msaidizi. Leseni ninayo, nitakaa kulia mimi. Mnataka kuona kama ndege ni nzima, basi nitakuwa ndani yake."

Rubani msaidizi alibaki, na uso wake ulionyesha kwamba hakusikitika. Mpiga picha akafuata. Strand alimwondoa kwa kidole.

"Bado," alisema Nafisa, macho kwenye tableti.

Kidole kikamwendea Dalila. Binti aliing'ang'ania machela. Akasema kwamba mama yake hajui Kireno, hajui Kizungu, hajawahi kulala mbali na watu wake, nani atamsemea huko. Mlinzi alikuja akambandua mkono mmoja, kisha wa pili. Muuguzi Amido alikuwa anatazama saa.

"Bado."

Hapo Doutor Abdulcarimo akacheka kicheko cha mtu mkubwa, akaamua kusaidia. Alisema jambo ni rahisi. Huko waendako wauguzi wamejaa tele. Si wamwache tu huyu?

Akamshika Amido begani kwa mkono wenye pete.

Strand aligeuka upesi kuliko alivyogeuka siku nzima. Hakupaza sauti. Alikiondoa kile kiganja begani pa muuguzi, kwa vidole viwili, kama anaondoa uchafu kwenye nguo ya bwana wake.

"Wewe ndiye unayebaki," alimwambia mwenyekiti.

Nafisa hakuinua macho. Yule pale. Mpishi wa Palma, mgonjwa wa malaria wa Pundanhar. Nguo za kijani, viatu vya plastiki. Mwenyekiti mwenyewe, na suti yake yote, hakujua kwamba huyo ndiye bwana wake.

Abdulcarimo alianza kusema kwamba yeye ndiye taasisi, kwamba sahihi ni yake, kwamba mawaziri wanamjua. Alisema mengi. Hakuna aliyemsikiliza, hata mlinzi aliyemkalisha kwenye kiti cha plastiki.

Nafisa alikuwa amekwisha kupata alichokitaka, lakini mbele yake alikuwapo mama wa watu kwenye machela, anakaribia kupakiwa katika ndege ambayo huenda isiinuke.

"Bado kidogo," alisema.

Strand hakufikiri hata kidogo. Alitikisa kichwa kuelekea machela. Mgonjwa atasubiri safari nyingine.

Muuguzi Amido aliuweka mfuko wa maji juu ya kifua cha Bi Mariamo, akapanda ngazi za ndege, wala hakugeuka.

Nafisa aliinama, akaupachika mfuko kwenye mlingoti wa hema ambako ungeweza kutiririka. Bi Mariamo alifumbua macho.

"Mwanangu, siendi?"

"Huendi na hawa, mama."

"Afadhali," alisema yule mama kwa shida. "Yule muuguzi wao tangu jana hajanishika hata mkono."

Nafisa alinyanyua vifuniko vya masikio ampe Rachide habari. Mkono wa Strand ukavidaka. Alimpapasa kiunoni na vifundoni, akachukua simu, akalipiga teke sanduku la vifaa likaanguka chini ya hema.

"Uzito, menina," alisema, akafurahia utani wake.

Kwa hiyo alipanda ndege bila mawasiliano, bila silaha, na bila mtu yeyote nje kujua kwamba jibu limepatikana. Mlango ukafungwa. Amido alikuwa amekaa kiti cha katikati, karibu na bawa, amefunga mkanda vizuri. Mtu mwangalifu. Strand alisimama nyuma ya marubani, bega kwenye mlango wa chumba chao.

"Kaa ufunge mkanda," Nafisa alimwambia.

"Nimeruka katika ndege zilizokuwa zinapigwa risasi."

"Najua. Umetuambia."

Joaquim aliwasha injini. Ndege ikasogea mpaka mwanzo wa pista, ikageuka. Mbele yao lami ilicheza kwa joto, na huko mwisho, dogo kama mdudu, lilikuwapo greda la rangi ya njano.

Nafisa akavaa vifaa vya masikio vya ndege. Wakati wa kupanga kazi hii walikuwa wamekubaliana njia ya akiba: kikiharibika kingine chote, Rachide atasikiliza masafa ya pista kwenye redio ya mkononi. Akabonyeza kitufe, akasema kwa Kireno cha kiofisi, kikavu kama biskuti:

"Mocímboa, ndege ya Asas da Costa inaanza mbio. Ndani watu wanne. Muuguzi mmoja. Mgonjwa hakuna. Narudia: muuguzi mmoja, mgonjwa hakuna."

"Nani anakusikia?" Strand aliuliza.

"Hakuna. Ndiyo kanuni."

Kimya. Kisha masikioni mwake, mibofyo miwili. Huko mwisho greda likasimama.

Joaquim alikuwa ameshika mikono ya injini, ile ya kuongeza na kupunguza nguvu, bila kuisukuma. Midomo yake ilitikisika kidogo tu.

"Hesabu zako, engenheira, sikufundishwa shuleni."

"Shule yetu ni nyingine, Comandante."

"Nina wajukuu."

"Basi kaza mkanda."

Chuma baridi kikagusa shingo ya mzee. "Ruka," alisema Strand.

Joaquim akasukuma.

Gulfstream ikanguruma, ikajikokota, ikaanza kukimbia. Nyasi zikapita. Kibanda cha uwanja kikapita, na hema, na kitu cheupe kwenye kiti cha plastiki. Nafisa alisoma kasi kwa sauti tulivu, namba moja baada ya nyingine, na kila namba ilichelewa kuja. Nusu ya pista ikapita chini yao. Pua haikuwa nyepesi. Mzee alijaribu usukani, ukamrudia mzito.

"Comandante. Haitainuka."

"Naona."

"Vuta," Strand alifoka. "Vuta juu."

Nafisa aliweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, juu ya mikono ya injini. Akahisi vidole vya mzee vimekwisha kuanza kurudi nyuma.

Wakavuta pamoja.

Joaquim alizikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Injini zikageuza pumzi yake mbele, zikanguruma kama zinapasuka. Mikanda iliwakata mabega. Strand hakuwa na mkanda. Aliruka kati yao kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori, Glock ikalia mara moja na kutoboa dari, kisha bega lake likakutana na ubao wa vipimo na likatoa mlio ambao Nafisa aliusikia hata ndani ya kelele ile. Tairi moja lilipasuka, likafuata la pili. Pista ikaisha. Nyasi, mchanga, kishindo.

Ndege ikasimama, pua imeinama, hatua chache kutoka kwenye greda.

Strand alikuwa amekunjika chini ya vioo, anatapika. Bastola ilikuwa imeteleza mpaka miguuni pa Nafisa. Aliiokota, akachomoa kasha lake la risasi, akafungua mkanda wake bila haraka.

"Umeumia, Comandante?"

Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa bado anakanyaga breki.

Huko nyuma palikuwa na mwanga ambao haukuwapo kabla. Dirisha la dharura juu ya bawa lilikuwa wazi, na kiti cha katikati kitupu.

Nafisa alitokea kwenye dirisha hilo, akatembea juu ya bawa. Amido alikuwa amefika kwenye ncha na anatazama chini. Chini, Rachide na askari wake waliojifanya vibarua, wenye fulana za chungwa, walikuwa wameweka majembe kando na kushika bunduki. Huko langoni wale wenye AK, walipoona Land Cruiser tatu za jeshi zikitoka upande wa mji, walitupa silaha na kuketi wenyewe chini.

Muuguzi akageuka. Na hapohapo, mbele ya macho ya Nafisa, akawa mnyonge. Mabega yalishuka, macho yakajaa maji, mikono ikaanza kutetemeka. Ilikuwa kazi nzuri. Nafisa alielewa kwa nini Palma walimhurumia.

"Dada yangu," alisema yule mtu kwa sauti nyembamba, "mimi ni muuguzi tu. Nimeajiriwa juzi. Nina watoto, sijui chochote kuhusu hawa watu."

Nafisa alimnyooshea mkono wake wa kushoto, kiganja juu.

"Basi nipime mapigo."

"Nini?"

"Mapigo ya moyo. Muuguzi hupima mapigo kabla hajanywa chai ya asubuhi. Nipime."

Yule mtu aliutazama mkono. Aliutazama kwa muda mrefu mno. Kisha akaushika, na kidole gumba chake kikatua juu ya kifundo, upande wa nje, penye mfupa mtupu. Akabonyeza kwa makini, uso umejaa huruma, akihesabu mfupa.

Wanaume waliokuwa chini wakaanza kucheka. Machozi ya Tio yakakauka pale pale. Uso uliobaki haukuwa wa mpishi wala wa mgonjwa, na Nafisa aliutazama vizuri, ili kuusahau au kutousahau iwe hiari yake. Alikuwa ameungoja kwa miaka. Alidhani angehisi hasira, au ushindi. Alichohisi ni kinyaa, kama mtu aliyeinua jiwe na kukuta kidudu cheupe. Kwa ajili ya hiki Rizuane alilala ufukweni.

"Mshusheni," alisema.

Helikopta ya jeshi ilitua baadaye kidogo, ikipeperusha hema lote. Shangazi alikuwa ameiagiza impeleke Tio Pemba kwa heshima zote za mfungwa mkubwa, na Rachide alikuwa amekwisha kumkalisha kitini. Nafisa akamwambia amshushe. Machela ya Bi Mariamo ikapakiwa, Dalila akapanda na kukaa kichwani pa mama yake, na daktari wa jeshi akapiga magoti akaanza kusikiliza kifua, kama inavyotakiwa.

"Shangazi ameagiza mfungwa apande hewani," Rachide alisema kwa wasiwasi.

"Mfungwa atapita barabara ya Awasse, nyuma ya lori. Mfungeni karibu na tairi la akiba. Yale mashimo ya barabarani ayahesabu mwenyewe."

"Na nikiulizwa?"

"Sema uzito ulizidi."

Doutor Abdulcarimo alikuja akihema, suti ina vumbi, kiatu kimoja mkononi. Alisema kwamba amedanganywa, kwamba siku zote amekuwa rafiki wa serikali, kwamba yuko tayari kusema kila kitu, hata sasa hivi, hata kwa maandishi. Nafisa alimpita kama mtu anavyopita kinyesi njiani, bila kukikasirikia, akiangalia tu asikanyage.

Comandante Joaquim alikuwa ameketi kwenye kivuli cha bawa. Aliuliza, kwa adabu, kama amwambie mwenye ndege kwamba biashara imekufa.

"Mwambie kwamba mnunuzi amepata dharura," Nafisa alisema. Akampa mkono, na mzee akaushika, akasimama.

Aliivua fulana ya ukaguzi, akaitundika kwenye ngazi ya greda. Alimkabidhi Rachide ile Glock na kumwagiza asiguse chochote ndani ya ndege mpaka watu wa alama za vidole waje. Kisha akavuka pista, akapenya kwenye tundu la uzio, na kuishika njia ya vumbi iendayo mjini, akiuliza aliokutana nao ni mama gani siku hizi anayepika wali mzuri wa nazi.